Viazi Kumi na Kimoja

Nilipofika Quinchao na sanduku langu la mjini
mama mkwe hakunipa mkono.
Alinipa aproni, na ndani ya aproni viazi kumi na kimoja,
vimekunjamana kama vidole vilivyokaa majini,
vingi vyeusi, kimoja chekundu chenye macho tele,
kimoja kirefu, kimejipinda
kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni.
"Usivile," akasema.
Basi. Akaenda kukamua ng'ombe.

Mvua ya kisiwa hiki haibishi hodi.
Inaingia mwezi wa nne, inavua viatu, inakaa.
Mbao za nyumba kijivu, ua kijivu, mbwa kijivu,
hata supu.

Mchagua jembe si mkulima, husemwa;
mimi nilichagua kijiko.
Mwezi wa tisa nikafukua shimo mojamoja kwa kijiko cha supu
na Eladio, mume wangu, akacheka hadi akakaa kwenye tope.
Orfelina hakucheka.
Alileta toroli ya mwani, umelowa, unanuka chumvi na uvundo,
akaumwaga miguuni pangu:
"Lisha udongo kwanza.
Udongo wenye njaa hauna adabu."

Nami nilipanda kwa macho, si kwa tumbo.
Spinachi ya mabua ya njano, ya waridi, ya machungwa.
Maharage ya kutambaa, yenye maua mekundu
kama midomo ya wanawake waliokwenda harusini.
Karoti za zambarau. Kitunguu saumu cha huku,
punje yake moja inajaza kiganja cha mtoto.
Kabichi kumi na nane, nilizihesabu kila asubuhi.
Mama mkwe alisimama kwenye lango, mikono kiunoni.
"Rangi hailiwi."

Konokono walikula kabichi zote kumi na nane
usiku mmoja, bila chumvi.
Nililia. Kwa ajili ya kabichi, ndiyo,
na kwa mengine niliyoyaficha chini ya kabichi.
Kesho yake nilitoka na taa na ndoo
nikiwa nimevaa koti la Eladio juu ya nguo ya kulalia,
na gizani, upande wa pili wa tuta,
kulikuwa na taa nyingine
na ndoo nyingine.
Hatukusemezana. Tulisikia tu
konokono wakidondoka: to. To. To.

Mwaka wa tatu, viazi kumi na kimoja vilikuwa magunia manne.
Mwaka huohuo Eladio aliachishwa kazi kwenye vizimba vya samaki,
akarudi na buti zake mkononi,
akakuta mezani bakuli la viazi vya kuchemsha:
vya zambarau vyenye pete nyeupe katikati,
vya waridi, vya manjano kama siagi.
Alikula bila kuuliza kesho.
Nami sikumwambia kwamba kesho
ilikuwa ghalani, juu ya majani makavu, imefunikwa.

Sasa macho ya Orfelina yameingiwa na ukungu.
Anakaa jikoni karibu na jiko la kuni,
gunia kati ya magoti, anachagua mbegu kwa vidole.
Kilichooza anakijua kabla hajakigusa.
Lakini jana alikiinua kimoja, akakielekeza kwangu.
"Hiki. Rangi gani?"

Nilitaka kumkumbusha maneno yake ya langoni.
Ulimi ukawa tayari kabisa.
"Cheusi," nikasema.

"Si cheusi."
Akakisugua kwenye sketi yake, polepole,
akakiweka karibu na jicho lisiloona.
"Ni rangi ya alfajiri kabla jogoo hajakohoa.
Tazama vizuri, wewe
unayeona."

Nikakichukua. Nikaenda nacho dirishani.