Upande wa Kulia

Nikisema nina presha, watu huniambia punguza chumvi.
Shemeji yangu wa Leicester alinitumia vitunguu saumu kwa posta,
kilo nzima, vimefungwa ndani ya gazeti.
Si presha hiyo, shemeji.
Hii haishikwi na mkanda wa mkononi.
Imejificha kwenye mishipa ya mapafu, imeibana
kama mtu anayekunja mpira wa maji
na bomba bado liko wazi,
na huku nyuma moyo unasukuma, unasukuma.

Sheffield ni mji wa vilima. Nani alinileta hapa?
Mtaa wetu una kishikizo cha chuma kandokando ya njia,
kiliwekwa kwa ajili ya barafu.
Mimi hukishika hata Julai.
Kushuka hadi kituo cha tramu, dakika saba.
Kurudi, sisemi.

Jumanne ya kliniki Gwenda hunitafutia mshipa.
"Mkwaruzo kidogo tu, mpenzi."
Hapa kila mtu ni mpenzi.
Chupa tatu ni zangu. Ya nne, yenye kifuniko cha zambarau,
ni ya watafiti: haina jina, ina namba,
italala kwenye friji lenye baridi kupita Januari yoyote
mpaka watu wajifunze kuisoma.
Niliweka sahihi. Sikuuliza kama nitakuwepo.

Siku ya kwanza Daktari Oldroyd alichora moyo nyuma ya bahasha,
nyumba ya vyumba vinne,
akatua kalamu: upande huu wa kulia ndio unaolemewa.
Kuta zake zikivutika, humwaga protini kwenye damu.
Protini hiyo ndiyo tunayoipima.
Nikacheka.
Mkalimani wa kwenye simu naye akacheka,
sauti ya mbali, sijui alikuwa mji gani.
Daktari akangoja, kalamu hewani.
Tungemweleza vipi
kwamba kwetu upande huo umepewa kazi yake tangu zamani,
kwamba kulia ni kulia?
Mkalimani alikohoa, akasema maneno mawili ya Kiingereza.
Hayakutosha.

Machi ilikuwa elfu mbili mia moja arobaini.
Wana rangi zao, kijani, manjano, nyekundu,
na nyuma ya kila rangi watu mia wamepangwa mstari
na mwaka mmoja umesimama mbele yao.
Daktari alianza kunihesabia.
Nikamwambia, tafadhali, ishia kwenye rangi.
Usiku nilijitafuta mle mstarini, nikawaona wengine tu:
mwanamke mwenye mkoba, kijana anayefunga kamba za viatu.

Leo mia sita na kumi na mbili.
Vidonge, na hii pampu ndogo ya kiunoni
inayonung'unika nikilala ubavu.
Gwenda amepiga kofi moja, akajizuia.
Lakini ukumbini, dakika sita za kutembea kati ya koni mbili,
mita zangu ni zilezile za Machi.
Damu imeshapata habari. Miguu bado.

Nimesimama nusu ya kilima, mkono kwenye chuma.
Mwanaidi amewasha taa ya jikoni kule juu, naiona.
Shemeji anapiga simu. Namtajia namba.
"Ya chumvi?" anauliza.
Pumzi ya kueleza sina.
Nikamwambia vitunguu vimesaidia.