Gorogoro Yenye Mizani Kumi na Sita

Mwalimu Namaemba aliandika ubaoni: BAHARI.
Kila shairi, akasema, lina bahari yake.
Dawati la nyuma likaangua kicheko.
Sisi wa Chwele, maji makubwa tuyajuayo
ni mto Kuywa ukifurika Aprili.
Akafuta. Akaandika: MIZANI.
Hapo nikaketi wima.

Mizani naijua. Mizani ni ya nyumbani.
Mama huuza mahindi kando ya kinu cha unga,
pale mshororo wa ndoo unapoanza alfajiri
(mshororo, neno jingine nililolikuta darasani
likiwa limevaa viatu).
Ana gorogoro mbili:
moja ya kununulia, moja ya kuuzia.
Sikuwahi kuuliza kwa nini haziazimani kazi.

Tulifunzwa kuhesabu kwa vidole chini ya dawati.
Hata m iliyofumba mdomo ina uzito wake:
m-ta-ma, tatu.
Nane ukwapi, pumzi, nane utao.
Kisha zoezi: ubeti mmoja, tarbia, juu ya soko.
Niliumaliza kabla ugali haujaiva:

*Soko letu, soko letu, ni soko, soko hakika,*
*Jamani, jamani watu, lapendeza, nasadika,*
*Hapa kwetu, kwetu, kwetu, kila kitu chapatika,*
*Nimemaliza ubeti, mizani imetimika.*

Daftari lilirudi na wino mwekundu:
Mizani, kumi na sita. Vina, sawa.
Maana: ulikuwa unapima nini?
Nilikasirika siku tatu.
Si imejaa? Si amehesabu mwenyewe?

Jumamosi akaja Redempta, mke wa fundi baiskeli,
akanunua gorogoro nne za mahindi,
akaziona zikifurika hadi punje zinadondoka.
Hakufungua mkoba.
Aliinua mkebe wa mama, akaupindua juani.
Kitako kilikuwa kimebonyea ndani,
bonde la kutosha kulaza ngumi.
"Juu umejaza, dada," akasema, "chini umeniuzia hewa."
Mama akasema ulianguka.
Redempta akasema, "Ulianguka mara ngapi?"
Akaenda na mfuko mtupu.

Nami nilisimama na ubeti wangu kichwani:
jamani, jamani,
kwetu, kwetu, kwetu,
bonde juu ya bonde,
na vina vikifurika juu kwa madaha.

Usiku huo nilisikia bati likigongwa jikoni.
Ngo, ngo, ngo. Sikutoka. Nilihesabu.
Nane.
Kimya, kama mtu anayefuta uso kwa leso.
Nane tena.
Hakuna aliyemfundisha mama ukwapi na utao.
Niliwasha tochi ya simu chini ya blanketi:

*Mama ameshika nyundo, taa inamfifia,*
*Sauti si ya kishindo, mimi naihesabia,*
*Hasemi, ila kwa tendo,*
*Shairi lina kitako, langu nimeangalia.*

Mwalimu aliuzungushia ule mstari wa tatu.
Guni, akaandika. Utao uko wapi?
Nikamfuata hadi mlango wa ofisi ya walimu
nikamwambia, hapo mama alinyamaza, Mwalimu.
Nilijaribu maneno. Kila nililotia lilikuwa *jamani*.
Alitazama ile nafasi nyeupe muda mrefu
chaki ikimwagikia kiatu chake.
Hakuifuta ile guni.
Chini yake, kwenye Maana, akatia vema ndogo sana.

Siku ya soko iliyofuata
gunia liliisha kabla ya saa nane
na pesa zikawa chache kuliko gunia.
Redempta alipita ng'ambo ya barabara, hakugeuka.
Maziwa hatukununua.
Mama akamimina, akanisukumia kikombe.
"Haya, msomi. Chai ya rangi. Mizani ngapi?"
"Tano."
Akahesabu mwenyewe, kidole kwa kidole,
polepole, kama mtu anayehakiki chenji.