Sanduku la Kufuli Tatu

Mimi ndiye mhazini wa kikundi chetu, mtaa wa Oli, Arua.
Sanduku la bati hulala chini ya kitanda changu:
kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu,
na kila Jumatano tunahesabu, macho yote yakiona.
Miaka sita sasa. Hakuna aliyewahi kukopa bila kusema.

Isipokuwa wewe.

Wewe unakopa usiku.
Hupigi hodi, hutaji mdhamini,
kidole chako hakijawahi kuonja wino wa daftari,
na kufuli zangu zote unazipita kama moshi.
Naamka, shavu la mguu limejikunja ngumi,
nasimama kwenye sakafu baridi nikilibembeleza
huku wewe umetulia kama mtu aliyeshiba.

Sista Ezaru alinipima tumbo kwa utepe,
akaandika, akapuliza wino ukauke.
"Miezi hii ya mwisho anajenga mifupa," akasema.
"Chokaa ataipata tu.
Swali ni kwa nani.
Usipokula, utaliwa."

Akanipa vidonge, vyeupe na vyekundu.
"Hivi vya mifupa, hivi vya damu. Usivikutanishe.
Ni wake wenza: kila mmoja na zamu yake."

Maziwa nimeyaulizia bei, nikarudi na chupa tupu.
Basi nanunua muziri wa Panyimur, kikombe kwa kikombe,
samaki wadogo kuliko sindano yangu ya kushonea magunia,
nawala na vichwa, na macho, na uti wa mgongo,
nasikia mifupa yao ikivunjika mdomoni
na najua inakoelekea.
Nawala kwa osubi iliyochanganywa na simsim,
asubuhi, na jioni tena, hata ninapochukia harufu yao.

Mama mkwe hunitazama akicheka kwa fizi.
Watoto saba, anasema, kila mtoto jino lake.
Anaweka kidole kwenye pengo la mbele:
"Hapa ni Drani, mume wako.
Alikuwa mzito. Alichukua na la jirani."
Sista anasema jino halikopeshwi, si benki hiyo;
ni fizi zilizooza bila mtu wa kuzitazama.
Sijamwambia mama mkwe.
Huwezi kumnyang'anya mtu
stakabadhi pekee aliyowahi kupewa.

Lakini juzi alijikwaa mlangoni, hatua moja tu,
na kifundo cha mkono kikavunjika kama ukuni wa kiangazi.
Tangu hapo nimekufungulia ukurasa wako.
Jumatatu: muziri, kiganja kimoja. Kidonge cheupe, ndiyo.
Jumanne: kidonge nilisahau. Ulinipiga teke.
Jumatano: simsim, vijiko viwili, kikao kikiendelea,
na mwenyekiti akaniuliza natafuna nini.
Riba sijaiandika bado.
Nitaridhika na kilio kimoja, kikubwa,
chumba chote kigeuke.

Jioni natwanga muziri mpaka wawe unga,
maana yeye hatafuni tena.
Kijiko cha kwanza namtilia kwenye uji.
"Mimba hii," anauliza, "ni ya nani kati yetu?"
Mkono wake wenye bandeji umelala mapajani.
Namshikia bakuli. Anameza, analamba fizi,
anafikiri kidogo.

"Chumvi," anasema, "imepungua."