Tundu la Ngumi

Shikuku, nimekuja na msumeno wa chuma,
na chaki, na futi ya kushonea ya mke wangu,
yangu imebaki Kamukunji chini ya mabati.
Trela hili nalijua tangu likiwa na magurudumu.
Sasa limekaa juu ya mawe, nyuma ya gereji, Lunga Lunga,
nawe bawabu umelifanya nyumba.

Ni Julai. Jua limeandika barua ya likizo.

Unaniambia: fundi, ukitoboa hapo unatoboa mfuko wangu.
Hesabu umeichora ukutani kwa msumari:
mlango ukizibwa gunia, mkebe mmoja wa makaa hadi alfajiri;
ukiachwa na mwanya, mikebe miwili, na bado vidole vinauma.
Hesabu yako ni sahihi. Siipingi.

Lakini moshi, Shikuku, ni mgeni mwenye adabu:
hukukohoza kwanza, hukutoa machozi,
ukafungua mlango huku ukimtukana.
Makaa yakishaiva, yakawa mekundu bila ulimi,
ukasema sasa jiko limetulia, liingie ndani,
hapo ndipo anapoingia yule asiyebisha hodi.
Hana harufu. Hana rangi. Hana haraka.
Miguu inakuwa ya mtu mwingine.
Unajua mlango ulipo,
na huoni sababu ya kuufikia.

Basi natoboa mawili:
la ngumi moja juu, karibu na paa,
na chini, ufa wa vidole vitatu.
Joto litatoroka, ndiyo;
nusu yake itawapasha paka wa gereji
na anga ya Nairobi, ambayo haijawahi kukulipa kitu.
Jiko nimelikandika udongo mnene, litunze nusu iliyobaki.
Habari ya bomba tutaizungumza
tajiri wako akikulipa mshahara wa Mei.

Usinitazame hivyo.
Juzi usiku, Kayole, mtoto akikohoa,
mimi huyuhuyu mwenye msumeno
nilikunja kanga ya mama yake nikaziba dirisha.
Joto lilikuja upesi, tamu, kama mkopo.
Saa nane kichwa kikagongwa kwa ndani.
Sijui nilifikaje dirishani.
Kanga ikaanguka, baridi ikaingia,
ikaketi kitandani kama shemeji asiye na nauli,
na mtoto akaamka akilia kwa hasira.
Sijasikia kilio kizuri namna ile.

Shika chaki.
Futa ule mkebe mmoja.