Kumi na Mbili, Kavu Saba

Nilinunua mwezi wa tisa, huko Usinge,
nyasi zimeungua, ardhi imepasuka kama kisigino,
binti Mhoja ametangulia, kanga kiunoni,
anahesabu hatua kwa sauti:
sabini mbele, sabini kushoto, ekari;
sabini tena, tukakwepa kichuguu,
sabini tena, hadi kwenye mninga wenye alama ya panga.
Kumi na mbili, akasema. Kumi na mbili, nikaandika.
Mashahidi wawili, dole gumba, wino wa zambarau.
Pesa alizihesabu mara mbili,
akaondoka nazo kwenda Kitete, mguu wa mwanawe ukatibiwe.

Mvua ya Desemba ilipita kwa adabu.
Ya Januari ikabisha hodi.
Februari nikaamka, nimenyang'anywa ekari tano:
maji ya magoti, vyura wanalumbana,
majani ya tumbaku yangu yanaelea
kama karata za mtu aliyeshindwa.

Nikaenda baraza la kata.
Nikaleta mpimaji na kidude chake kinachoongea na setilaiti.
Akazunguka kutwa, buti zikimezwa na tope,
akarudi na jibu: kumi na mbili, nukta sifuri nne.
Yaani nimezidishiwa.

Nikasema, hizi tano hazilimiki.
Nikasema, nilinunua shamba, sikununua bwawa.
Binti Mhoja hakupandisha sauti.

"Ulikuja mwezi gani?"
Wa tisa.
"Upande ule uliona kisiki? Uliona tuta la zamani, hata moja?"
Sikuona.
"Ukauliza kwa nini?"

Katibu akaacha kuandika.

Sikuuliza. Niliona tambarare isiyo na kisiki cha kung'oa,
nikajisemea moyoni: mama huyu hajui anachouza.
Nikauma ulimi
bei isije ikapanda.

Hilo sikulisema barazani.

Shauri limeahirishwa hadi mwezi wa saba,
ili wajumbe waje wapaone kwa macho,
njia ikishakauka.

Kwa sasa, jioni, wajukuu zake huja na vikapu
wakavua kambale katika ekari zangu tano.
Siwafukuzi. Mdogo wao huniachia wawili juu ya jani
kama mtu anayelipa kodi.

Nikiulizwa mjini, nasema kumi na mbili.
Mke wangu akiuliza tununue mbolea ya ekari ngapi,
nanawa kwanza miguu.