Jeni Iliyolala

Bugando, saa nane usiku. Umeme umerudi.
Kompyuta inahesabu damu ya watoto mia mbili na watatu,
wa Misungwi, wa Igoma, wa Ukerewe.

Tumboni mwa mama kila mmoja alikuwa na jeni
iliyompikia damu isiyopinda kama mundu.
Akazaliwa, ikazimwa.
Nani kaizima?

Modeli hainitajii jina. Inanong'ona: huenda huyu,
sabini kwa mia;
huenda wale wawili, wakishikana.

Huko chini ziwani karabai za dagaa
zinawaka, zinazimika. Mkono siuoni,
naukisia kwa mwanga.

Wodini Nkwimba ameamka, magoti yanamuuma.
“Daktari, swichi umeiona?”

Nimeona asilimia, Nkwimba.
Sogea nikukande.