Inchi Nne na Robo

Saa kumi na moja na nusu, Mbale bado imejifunika shuka.
Juu ya duka la misumari na rangi
tunapanda ngazi, viatu mkononi,
watu saba, mikeka saba, taa moja.
Mlima Wanale hauonekani dirishani.
Tunajua tu upo, kama deni.

Ekam, napandisha mikono. Dve, nainama.
Hadi hapo mimi ni mwanafunzi mzuri.
Mambo huharibika nikifika Marichyasana ya nne:
mguu mmoja ukunjwe, unyayo upande juu ya paja,
goti la pili lisimame,
kiwiliwili kisokotwe kama nguo inayokamuliwa,
kisha mkono uzunguke goti, upite nyuma,
ushike mwenzake.

Wangu haushiki.
Miaka ishirini na mitatu ya cherehani ya miguu
imenishona nyonga kwa uzi maradufu.
Mikono inatafutana mgongoni
kama ndugu waliogombea kiwanja:
kila mmoja anamsikia mwenzake,
hakuna anayebisha hodi.

Nilimwomba Khainza, wa mkeka wa jirani,
anipime kwa futi yangu ya kushonea,
ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.
Inchi nne na robo.
Nikaiandika nyuma ya daftari la wateja,
chini ya kiuno cha Mama Gidudu.

Mwezi mzima nililazimisha.
Nilivuta, nikauma meno,
hadi goti likalia *ta!*
kama kifungo kinachong'oka.
Wiki mbili nilishona kwa mguu mmoja,
sare za shule zikachelewa,
mwalimu mkuu akapiga simu mara sita.
Ningemwambia nini?
Nimeumia nikitafuta mkono wangu?

Nambozo, mwalimu wetu, hakunihubiria.
Alikunja blanketi, akanikalisha juu yake,
akaushusha mguu kutoka pajani, akaulaza sakafuni.
"Na huu ni ule ule," akasema, akaenda zake.
Nilikasirika. Nilijiona nimevikwa nguo ya mtoto.

Begini mwangu kulikuwa na mshipi wa gomesi,
rangi ya zambarau, wa bi harusi wa Bungokho
ambaye hakurudi kuuchukua.
Nikaurusha nyuma. Ncha moja huku, nyingine kule.
Pumzi tano.
Kwenye ya tatu nikacheka kwa sauti,
hata Khainza akapoteza hesabu yake,

maana ni mimi, fundi,
ninayewaambia wanawake kutwa nzima:
pumua, dada, usivute tumbo nikikupima,
gauni litakufuata uliko.
Mimi ninayetia kipande kwapani,
ninayefumua mshono baada ya mtoto wa tatu
nikaushusha inchi mbili, nikapiga pasi,
na mwenyewe akaondoka barabarani akitamba,
wala hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba gauni lile si gauni.

Leo tumepima tena. Inchi nne.
Robo imekwenda wapi, sijui.
Huenda Khainza aliishika futi vibaya.
Goti bado hunung'unika mvua ikikaribia,
na kuna asubuhi naukunja mguu, asubuhi naulaza,
nauuliza kwanza.

Jana bi harusi alikuja dukani kuulizia mshipi wake.
Nilimtazama usoni, sindano mdomoni,
nikamwambia arudi Jumamosi,
bado sijaumaliza.